Maelezo kwa Wasafiri Wanaokwenda Handeni na Korogwe

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kukata tiketi. Safari yenyewe si ngumu, na wenyeji wa huko ni watu wakarimu ambao wengi wetu tuna udugu nao wa damu au wa ndoa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo msafiri wa Visiwani hulisahau karibu kila mara anapofunga mzigo wake, nalo ni maradhi ya malaria. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya imewekwa kwa ajili ya jambo hilo.

Mtalii anayetoka Ulaya kuja Afrika Mashariki huanza matayarisho wiki kadhaa kabla ya kuondoka kwao. Humwona daktari, hupewa vidonge vya kinga, hununua dawa ya kujipaka ya kufukuzia mbu, na hufika akiwa na nguo za mikono mirefu za kuvaa jioni. Mwananchi wa Mkoani au wa Bububu anayekwenda harusini Handeni hutia begini nguo za kuvalia, halua na zawadi za watoto, akaondoka. Si uzembe. Kwake yeye Bara si ugenini: hahitaji pasipoti wala viza, kitambulisho chake kinatosha kupandia boti, na lugha ni ile ile. Lakini mbu wa Handeni hajui uraia wa mtu, na kwa upande wa malaria Mzanzibari wa leo ni mgeni Handeni sawasawa na yule Mzungu.

Kuhusu njia, msafiri wa Unguja huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha hupanda basi katika kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, ambacho kilichukua nafasi ya kituo cha Ubungo mwaka 2021. Barabara hupita Chalinze, ikageuka kaskazini hadi Mkata, Kabuku na Segera. Segera ndiyo njia panda: mkono wa kulia ni Tanga mjini, na mbele ni Korogwe, Mombo na hatimaye Moshi. Korogwe ipo karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Anayekwenda Handeni mjini si lazima afike Segera, kwani anaweza kuteremka Mkata na kushika barabara ya lami inayoingia magharibi, kiasi cha kilomita 54. Barabara nyingine ya lami inaunganisha Handeni na Korogwe. Wananchi wa Pemba hupendelea kupitia Tanga pale chombo cha moja kwa moja kinapopatikana, na kutoka Tanga hadi Korogwe ni mwendo wa kilomita 100 hivi.

Tahadhari ndogo iwekwe hapa juu ya jina la Chanika. Wenyeji wa Handeni wakisema Chanika huwa wanakusudia sehemu ya mji wao. Ipo Chanika nyingine, iliyopo wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, na dereva wa Dar es Salaam akitajiwa Chanika atakupeleka hiyo. Ni bora kutaja Handeni.

Wageni kutoka nchi za nje wanaotoka Unguja kwenda kuitazama milima ya Usambara nao hupita Korogwe, kisha hupanda Lushoto kupitia Mombo. Hao wawe na pasipoti zao mkononi, kwani maofisa wa uhamiaji hukagua hati za wageni bandarini. Vijana wetu wanaowaongoza wageni hao wasijidhani kuwa wao hawamo katika maelezo yanayofuata. Mara nyingi mgeni ndiye aliyekunywa vidonge vya kinga, na kiongozi wake hakunywa kitu.

Handeni ni nchi ya Wazigua, wakulima wa mahindi, na sehemu kubwa yake ni kavu. Maji ni tatizo la miaka mingi, hivyo mgeni ayatumie kwa kiasi na asiyanywe kabla hayajachemshwa. Korogwe imekaa kando ya mto Pangani, ambao huko huitwa pia Ruvu, chini ya milima. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Disemba. Mvua ikisha kunyesha madimbwi hubaki, na mbu huzaliana humo. Kwa hiyo miezi ya mwisho wa masika na ile inayofuata ndiyo ya kuangaliwa zaidi, ingawa hakuna mwezi ambao hatari hiyo haipo kabisa. Milimani, kule Lushoto juu, baridi huwapunguza mbu hao. Korogwe na Mombo, hata hivyo, zipo bondeni, na msafiri wa Lushoto aliyelala usiku mmoja tu Korogwe bila ya chandarua amekwisha kujiweka katika hatari.

Sasa yafaa kueleza kwa nini Mzanzibari aogope zaidi kuliko mwenyeji wake. Mtu anayeishi mahali penye malaria nyingi huambukizwa mara kwa mara tangu utotoni, na mwili wake hujifunza kupambana na vijidudu hivyo. Akiwa mtu mzima anaweza kuwa navyo katika damu asiugue, au akapata homa ndogo ya siku mbili. Kinga hii si ya kuzaliwa nayo wala si ya kudumu. Asiyeambukizwa kwa miaka mingi huipoteza. Katika visiwa vyetu, tangu kuanza kutumika kwa dawa mseto mwaka 2003, kugawiwa vyandarua vyenye dawa na kupuliziwa dawa majumbani miaka michache baadaye, malaria imeshuka hadi chini ya mtu mmoja katika kila watu mia wanaopimwa. Kijana wa miaka 20 aliyekulia Chake Chake katika miaka hiyo hana kinga yoyote ya kujivunia. Akiumwa na mbu yule yule aliyemuuma binamu yake wa Handeni, binamu atalalamika kuumwa kichwa, na yeye huenda akalazwa.

Wanaodanganyika zaidi ni wale waliozaliwa Handeni au Korogwe wakahamia Unguja kwa kazi. Huyu hurudi kwao baada ya miaka kumi akisema malaria haimtishi, ameizoea tangu utoto. Alikuwa ameizoea. Mwili wake umekwisha kusahau.

Mbu aenezaye malaria huuma usiku, na zaidi pale watu wanapokuwa wamelala. Msafiri wetu hulala wapi? Akifikia nyumba ya wageni, jambo ni jepesi: aombe chumba chenye chandarua, akitandaze kabla ya kulipa, atazame kama kimetoboka, na akikosa kukiridhia atumie chake alichotoka nacho. Chandarua kimoja chenye dawa hakichukui nafasi kubwa begini. Uzito wa jambo upo katika shughuli zenyewe zinazotupeleka huko. Mtu huenda harusini, na usiku mzima ngoma huchezwa uwanjani. Huenda mazikoni, wanaume wakalala nje juu ya mikeka, na wanawake wakajaa chumba kimoja ambamo hakuna pa kufungia chandarua. Si adabu kwa mgeni kuwaacha wafiwa akaenda kujifungia. Basi kwa nyakati hizo avae nguo ndefu zinazofunika miguu hadi kwenye vifundo, ajipake dawa ya kufukuzia mbu sehemu zilizobaki wazi, na airudie kila nguvu yake inapokwisha. Watoto wadogo walazwe ndani ya chandarua mapema hata kama wakubwa wanakesha. Hakuna mwenyeji mwenye busara atakayechukia kuombwa hivyo.

Mama mjamzito asiye na dharura ni afadhali aiahirishe safari. Kama hapana budi, aende kwanza kliniki yake akaeleze anakokwenda, kwani malaria katika ujauzito humdhuru yeye na humdhuru mtoto aliye tumboni. Wagonjwa wa selimundu nao wafanye hivyo hivyo. Kuhusu vidonge vya kinga, vipo vya aina mbalimbali, na daktari ndiye mwenye kumchagulia mtu. Kimojawapo, doksisaiklini, huanza kunywewa siku moja au mbili kabla ya safari, kikaendelea kila siku huko, na kuendelea wiki nne baada ya kurudi. Hakifai kwa wajawazito wala kwa watoto wadogo. Anayekiacha siku aliyoteremka bandarini amekosea.

Wapo wanaouliza habari ya chanjo, na swali lao lina mnasaba na safari hii. Watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika majaribio makubwa ya chanjo iitwayo RTS,S, yaliyofanywa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika baina ya mwaka 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Pamoja na sifa yake, imekusudiwa watoto wachanga wanaoishi mahali penye malaria, hutolewa kwa dozi kadhaa katika muda mrefu, na haiondoi haja ya chandarua. Si chanjo ya msafiri.

Mtu akipata homa akiwa huko asingoje kurudi nyumbani. Korogwe mjini ipo hospitali ya Magunga, Handeni ipo hospitali ya wilaya, na vituo vya afya vipo katika miji ya njiani. Apimwe kwanza. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu la kidoleni. Akionekana na malaria atapewa dawa mseto, ambayo huko ni vidonge vya kunywewa mara mbili kwa siku kwa muda wa siku tatu, pamoja na chakula. Avimalize vyote. Kuna tabia ya kunywa siku ya kwanza, homa ikapoa, vilivyobaki vikawekwa akiba kwa ajili ya mtu mwingine. Hiyo ni khiana kwa nafsi na kwa huyo mwingine. Wala asinunue dawa dukani kwa kukisia, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, aliyepata degedege, anayetapika kila akilacho, anayepumua kwa shida au aliyebadilika mkojo ukawa kama kahawa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mganga wa kienyeji asitangulizwe. Tunalisema hili tukijua kwamba Handeni ina jina kubwa kwa uganga, na kwamba Pemba hatuna haki ya kuwacheka.

Vijidudu vya malaria hukaa mwilini kimya kabla ya homa kuanza, kwa kawaida siku 7 hadi 14 na pengine zaidi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeumwa na mbu usiku wa mwisho wa harusi atakuwa amekwisha kurudi kazini Darajani au shambani Konde ndipo homa imshike. Hapo ndipo jambo linapotoka kwake na kuwa letu sote, kwani mbu wa kueneza malaria bado wapo Visiwani. Akimuuma mgonjwa huyu, baada ya siku kadhaa atawaambukiza majirani ambao hawajawahi kuvuka bahari. Haya yamekwisha kutupata. Mwaka 1968 kazi ya upuliziaji iliyoanza katika miaka ya 1950 ilisimamishwa wakati malaria imeshuka sana, na maradhi yakarudi kwa nguvu. Karibuni zaidi, mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, wagonjwa waliongezeka kwa ghafla.

Kwa hiyo aliyerudi kutoka Bara akipata homa, ijapokuwa mwezi umepita, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aseme mwenyewe kwamba alisafiri na alilala wapi. Akithibitika kuwa na malaria, ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya atafika nyumbani kwake na kuwapima watu wa nyumba, utaratibu ambao umekuwapo tangu mwaka 2012. Baadhi ya wananchi huona haya, au hudhani wanapelelezwa, wakaficha habari ya safari. Maswali hayo hayahusu biashara ya mtu wala mke aliyemwoa Bara. Yanatafuta mbu alipo.

Mwenye kupokea wageni kutoka Handeni au Korogwe naye anahusika. Mgeni mzima wa afya anaweza kuja na vijidudu damuni bila kujua, kwa ile kinga tuliyoieleza. Atandikiwe kitanda chenye chandarua kama wenyeji, na akihisi joto mwilini au kuumwa viungo asiambiwe kuwa ni uchovu wa boti. Achukuliwe kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Kipimo na matibabu ya malaria humo havina malipo, na jibu hupatikana kabla ya nusu saa.