Soma Kibandiko cha Mlangoni Kabla ya Kuvuta Trela

Muuzaji wa pikapu Marekani hupenda kutaja namba moja: gari hili linavuta tani 4. Hasemi uongo. Watengenezaji wengi huipata namba hiyo kwa kipimo cha SAE J2807, ambacho pamoja na mengine hulipandisha gari na trela lake mlima mrefu wa Davis Dam, Arizona, kiyoyozi kikiunguruma. Ila kipimo hicho huhesabu watu wawili tu garini, wa kilo 68 kila mmoja. Watoto hawamo, mbwa hayumo, jenereta na baiskeli vimeachwa nyumbani.

Kwa familia inayovuta trela la kulala, lenye jiko, vitanda na choo, namba ya kutazamwa kwanza iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Hapo pameandikwa uzito wote wa watu na mizigo ambao gari hilo linaruhusiwa kubeba. Tuseme ni kilo 700. Trela lililokwisha kupakiwa lina kilo 3,000, na sehemu ya uzito huo hukandamiza kiungio, yaani gari linaibeba mgongoni. Huko Marekani hushauriwa iwe asilimia 10 hadi 15. Tukishika 12, ni kilo 360. Baba, mama na vijana wawili wakichukua 280, zinabaki 60, na chuma cha kuungia bado hakijapimwa. Tani 4 za tangazo hazijafikiwa, lakini gari limeshajaa.

Kilo hizo 360 haziishii mgongoni tu. Kiungio kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili za gari zikiachana mita 3.6, mbele panapungua kilo 120 na nyuma panaongezeka 480. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza mshiko. Kuna viungio vyenye vyuma vya kurudisha sehemu ya uzito mbele. Vinasaidia, lakini haviongezi hata kilo moja kwenye kile kibandiko.

Basi kwa nini mzigo usisogezwe nyuma ya trela ili kiungio kipumue? Mvuta mkokoteni anajua jibu: mzigo ukielemea nyuma, mikono ya mkokoteni inamwinua. Barabarani hatari ni kubwa zaidi. Upepo wa lori linalopita ukilisukuma trela pembeni, linayumba kulia na kushoto, na matairi yake hulirudisha kwenye mstari. Kwa mwendo mdogo myumbo hufa wenyewe. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo unavyochelewa kufa, hadi kufikia kasi ambayo kila myumbo unazaa mkubwa kuliko uliotangulia. Mzigo wa nyuma huishusha kasi hiyo ya hatari. Hata mizigo mizito iliyosawazishwa kwenye ncha mbili ina ubaya wake: trela likishaanza kuzunguka, ni gumu kulizuia. Vizito vikae karibu na ekseli, chini.

Likianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani bila kupigana nao, na abonyeze breki za trela peke yake kwa swichi ya mkononi. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha", ushauri ambao bado unasikika, ni kukimbilia kwenye hatari yenyewe.

Mahesabu ya mezani yathibitishwe kwenye mizani. Vituo vingi vya malori Marekani vina mizani inayopima kila ekseli peke yake: gari na trela kwanza, kisha gari peke yake bila trela. Mpime mkiwa mmepanda wote, na matangi yakiwa kama yatakavyokuwa safarini. Tangi la lita 150 likijaa maji ni kilo 150, na likiwa nyuma ya ekseli za trela linapunguza uzito wa kiungioni. Lililo mbele linauongeza. Kambi nyingi zina bomba, kwa hiyo mara nyingi ni afadhali kulijaza mkishafika.