'Kulia' gani, mwalimu?

Anayeandaa opera, au hata igizo la nyimbo la shule hapa Malindi na Kilifi, huandika kwenye kitabu cha nota kila mwimbaji anasimama wapi na anahama lini. Ukurasa unaotazamana na nota huachwa mtupu. Hapo huchorwa jukwaa, na kila hatua ikafungwa kwenye baa au silabi inayoimbwa. Mwimbaji akiugua siku ya onyesho, anayeshika nafasi yake hana mwalimu mwingine ila daftari hilo.

Sasa soma agizo hili: "Bibi aende kulia." Aende upande gani, au akatokwe na machozi? 'Kulia' ya upande imetokana na kula, yaani mkono wa kulia chakula. Ya machozi ni kitenzi kingine kabisa. Katika tanzia, maana zote mbili zinaingia.

Kufupisha ndiyo balaa zaidi. Kulia, kushoto, kati: zote K! Ukichukua herufi za ndani, L, S na T, unagongana na la, so na ti za kwaya zinazosoma sol-fa. Basi mtu aimbe ama ahame?

Mimi napendekeza turudie neno la wazee, kuume. Tuandike U, S na T kwa herufi kubwa, ndani ya duara, kwa penseli (mwelekezi atabadili nia kesho yake). Za sol-fa zibaki ndogo. Na kuume ni kwa mwimbaji anayewatazama watu. Kwa mwalimu aliyeketi mbele yake, huo ni mkono wa kushoto.