Udi wa Kwanza: Lipia Ubao, Usilipie Nakshi

Udi unaopendeza dukani mara nyingi ndio unaochosha nyumbani. Una nakshi za chaza, una vanishi inayong'aa kama kioo, na bei yake haitishi. Ukiupiga, sauti inafifia kabla kidole hakijahama. Anayeanza hudhani kosa ni lake. Kumbe kosa liko kwenye mbao, na mtu mwenye rula na sikio anaweza kuligundua kabla ya kutoa pesa.

Tuanze na ubao wa mbele, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea au inapofanya kazi. Uzi wa nailoni, ambao hata milimita moja haufiki unene, hausukumi hewa ya kutosha kusikika chumbani. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao uliogundishwa nalo, na ubao ndio unaotikisa hewa. Mafundi wa Cairo, Damascus na Istanbul hutumia sprusi au mwerezi, miti myepesi lakini migumu, na huuchonga ubao hadi ubaki milimita 2 hivi au pungufu.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Ugumu wa ubao unaopindwa hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukiongeza unene maradufu, uzito unaongezeka mara 2 tu, lakini ugumu unaongezeka mara 8. Kiwanda kisichotaka kurudishiwa udi uliopasuka huweka ubao mzito au plaiwudi, kisha kinaumwagia vanishi juu. Udi huo utadumu miaka mingi, ila utakuwa unanong'ona tu.

Kwa hiyo chungulia ukingo wa tundu kubwa. Kama ni plaiwudi utaona matabaka, moja juu ya jingine. Kama ni ubao halisi, mistari ya mti haikatiki toka juu hadi chini. Kisha gonga taratibu karibu na daraja na usikilize. Ubao mwembamba hujibu kwa mlio wenye kina unaokawia kidogo. Mzito hutoa "tak" kavu, basi.

Baada ya hapo njoo kwenye shingo. Udi wa kawaida una nyuzi 11, yaani jozi 5 na uzi mmoja wa besi, na kila uzi huvuta kwa nguvu ya kilo 3 hivi. Shingo inabeba zaidi ya kilo 30 mchana na usiku, na ikiwa imeunganishwa ovyo hukubali kuinama mbele pole pole. Pima nafasi kati ya nyuzi na shingo pale shingo inapokutana na tumbo. Milimita 3 ni sawa. Zikifika 5, uache, hata muuzaji akipunguza bei. Uzi ulio juu unapobonyezwa hutanuka, mvutano unaongezeka na sauti inapanda, kwa hiyo utacheza nje ya sauti hata kidole kikiwa mahali pake. Na vidole vitauma bure.

Hapo hapo kwenye kiungo kuna jaribio zuri zaidi, ambalo wauzaji wengi hawalijui. Katika udi wa Kiarabu shingo huwa theluthi moja ya urefu wa uzi: uzi ukiwa sentimita 61.5, shingo ni 20.5. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1636 kanuni ya nyuzi, kwamba uzi ukifupishwa mitikisiko yake huongezeka kwa uwiano ule ule. Ukibonyeza kwenye kiungo unabaki na theluthi mbili za uzi, na mitikisiko inakuwa mara moja na nusu. Tyuni uzi kwenye Do, bonyeza pale, usikie Sol. Ukisikia kitu kingine kabisa, daraja au shingo imewekwa vibaya. Udi hauna vizuizi vya chuma kama gitaa, hivyo kiungo hicho ndicho alama pekee ambayo mkono wako utaikuta gizani. Robo ya toni, ambayo maqam (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) kama Rast haziendi bila hiyo, ni kama milimita 17 tu karibu na kichwa cha udi, na hupungua hadi 12 kwenye kiungo.

Wenye vidole vifupi wanaweza kutafuta udi wa Kituruki, wenye uzi wa sentimita 58.5 hivi. Lakini ukitaka kupiga taarabu ya kikundi cha Ikhwani Safaa, au kufuata mkono wa marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, nunua wa Kiarabu.

Mengine yote yanarekebishika. Nyuzi mbovu hubadilishwa kwa bei ndogo, na mimi nisingekataa udi mzuri kwa sababu ya nyuzi zilizochakaa. Vigingi vinavyoteleza ndivyo vinavyowatisha wanunuzi zaidi, na bila sababu. Mti ukinywa unyevu hauvimbi sawasawa: upande unaofuata duara la miaka ya mti huvimba takriban maradufu ya upande unaoelekea katikati ya shina. Kigingi kilichochongwa duara safi huishia kuwa na umbo la yai, kikashika huku na kulegea kule. Chaki kidogo na sabuni kavu hutosha kwa muda, na fundi anaweza kukichonga upya. Ndiyo maana udi uliotumika, hata wenye ufa uliozibwa vizuri, naupendelea kuliko mpya wa dukani, hasa ukinunua kwa mpigaji anayeacha uupige kwanza. Kama uko Unguja, walimu wa Dhow Countries Music Academy wanafundisha udi. Mwombe mmoja akusindikize.

Unyevu huo huo utakufuata nyumbani. Masika ubao huvimba, hupanda na kuinua nyuzi; ukiupeleka Muscat kwenye chumba cha kiyoyozi kisichozimwa, hunywea, na ukizidi kukauka hupasuka. Uweke ndani ya kasha lake, mbali na dirisha na kiyoyozi. Na usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana udi mwingi umeunganishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hulainika kwa joto: daraja linaweza kung'oka kwa kuvutwa na nyuzi zenyewe.