Sura ya Tatu: Wahadhiri wa Ustawi wa Jamii Wanatafiti Nini

Wazazi wengi huniuliza kwa nini mtoto wao asome ustawi wa jamii miaka mitatu ili aende kugawa blanketi. Swali hilihili huniuliza madiwani, na hata wachumi wenye shahada zao, na ndilo lililonisukuma kuandika sura hii. Kugawa blanketi hakuhitaji shahada. Kujua kwa nini kaya ileile inasaidiwa kila msimu, huku jirani mwenye kipato kilekile anajimudu, kunataka utafiti.

Dhana nyingine ni kwamba moyo wa huruma unatosha. Huruma isiyouliza maswali imejaza vituo vya watoto kwa watoto ambao wengi wao wana mzazi au ndugu walio hai. Na ni utafiti, si huruma, uliotuonyesha mwaka 2011 kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kabla ya hapo, kila aliyelisema jambo hilo hadharani aliambiwa anachafua jina la jamii.

Nilipanga kuzungumzia watoto, wazee, kisha watu wenye ulemavu. Kwa wazee itabidi nikae, maana ndilo eneo ninalofundisha, na ndipo upuuzi ulipoota mizizi.

Kwa miongo kadhaa, Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, vikongwe wamekatwa mapanga usiku baada ya mganga kupiga ramli na kuwataja kuwa wachawi. Ushahidi unaotolewa ni macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Penye miti michache watu hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na mabua, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke aliyeanza kupuliza moto huo akiwa binti mdogo, akifika miaka 70 macho yake yatakuwaje? Ongeza trakoma, ambayo tabibu yeyote wa zahanati anaijua. Mganga anayeyafanya macho hayo kuwa hukumu ya kifo anaua, na anastahili kushtakiwa kama muuaji.

Lakini sikubaliani pia na wanasemina wanaosema tatizo ni ujinga tu, tuwaelimishe wanakijiji tumalize. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza mauaji haya kwa muda mrefu. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel akachapisha utafiti wake wa vijiji vya wilaya ya Meatu: miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Imani ya uchawi ipo hata mwaka wa mvua nzuri. Kinachobadilika ni kiasi cha chakula ghalani.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu simruhusu aanze mahojiano kwa kuuliza habari za uchawi. Anamwamkia bibi shikamoo, anaomba wakae chini ya mti, mbali na mkamwana na wajukuu. Anaanza na chakula cha jana: nani alipika, nani alipakuliwa kwanza, wewe mchana ulikula? Kisha shamba: nani analilima, tangu babu afariki nani amekuja kuzungumzia mipaka? Halafu wageni: lini mara ya mwisho watoto wa jirani walikuja kuota moto kwako? Jibu huandikwa kwa maneno ya bibi mwenyewe, bila kusafishwa. Bibi anayekula wa mwisho, mwenye shamba linalotamaniwa na shemeji, na ambaye watoto wamekatazwa kwenda kwake, yuko hatarini hata kama hakuna aliyekwenda kwa mganga bado. Mambo hayo matatu ofisa ustawi wa kata anaweza kuyafuatilia mapema, na hayo ndiyo tunayotafuta.

Kutoka hapo ndipo linapozaliwa swali linaloshughulisha idara nyingi za ustawi leo: je, fedha mkononi mwa mzee humlinda? Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, na pale mzee hulipwa yeye binafsi. Tanzania Bara, mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umekuwa ukilenga kaya nzima. Tofauti hiyo, ambayo kwa mpangaji wa bajeti ni ya karatasi tu, kwa mtafiti ni kubwa. Kaya yenye ugomvi haina mkono mmoja. Inabidi kuuliza nani huenda kupokea siku ya malipo, nani hutunza kitambulisho, na kati ya fedha zilizofika nyumbani, bibi alionja kiasi gani.