Chakula cha Wayahudi: yanayosemwa na ukweli wenyewe



Wayahudi si wageni kabisa katika nchi yetu. Sinagogi yao ingali Lubumbashi, na wengi waliokuja kukaa kule zamani walitoka kisiwa cha Rhodes. Lakini juu ya chakula chao tunasikia mengi sokoni, na watoto wanayarudia shuleni. Tuyapime moja moja. Chakula kinachokubaliwa na sheria yao kinaitwa kosheri, maana yake "kinachofaa".

Wanasema: rabi akikiombea chakula, kinakuwa kosheri.
Hapana. Baraka zipo, lakini si zenyewe zinazokifanya kifae. Kazi ya rabi ni kuchunguza: mnyama ni yupi, amechinjwa namna gani, chungu kilipikiwa nini jana. Nguruwe hata akiombewa kutwa nzima, hawezi kuwa kosheri.

Wanasema: wanakataa nguruwe tu.
Tusome Walawi sura ya 11. Mnyama awe na kwato zilizopasuka, tena awe anacheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanafaa. Nguruwe hacheui, na sungura hana kwato. Samaki awe na mapezi na magamba: tilapia anafaa, kambale hafai. Viwavi navyo havimo. Tena Torati inakataza mara 3 kupika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Kwa hiyo wanaoshika sheria hawachanganyi nyama na maziwa. Vyungu vya nyama viko mbali na vya maziwa, na wengi wakila nyama wanangoja saa 6 kabla ya kunywa maziwa.

Wanasema: ni sawasawa na halali ya Waislamu.
Zinafanana kwa nguruwe, kwa damu na kwa kuchinja. Lakini Mwislamu anaweza kula nyama ya ngamia, Myahudi hapana. Myahudi anaweza kunywa divai iliyotengenezwa kwa sheria yake, Mwislamu hapana.

Wanasema: ni mapishi ya Wazungu.
Wayahudi wa Moroko, wa Yemen na wa Ethiopia wanapika kila mmoja kwa namna ya kwao. Mahindi, mihogo, maharagwe na matunda vyote vinafaa. Hata sombe inafaa, kama majani yamechunguzwa yasiwe na wadudu, na chungu hakijapikiwa nyama iliyokatazwa.

Wanasema: wanatumia damu.
Hapa tusimame, kwa sababu neno hili limeua watu. Sheria yao inakataza damu kabisa. Nyama inalowekwa majini, inapakwa chumvi kwa muda wa saa 1, kisha inaoshwa. Ini linachomwa motoni. Yai likionekana na damu, linatupwa. Hata hivyo, kwa miaka mamia watu wa Ulaya walidanganyana kwamba Wayahudi wanachukua damu ya watoto. Mwaka 1946, katika mji wa Kielce, Polandi, mtoto mmoja alipotea siku mbili. Ikavuma kwamba Wayahudi walimfungia. Watu wakawashambulia, wakaua zaidi ya 40. Kumbe mtoto alikuwa amekwenda kijijini, naye alikuwa amerudi nyumbani mzima.

Tusiseme hayo ni ya Ulaya tu. Sisi tunajua namna mama mzee anavyoweza kupigwa, hata kuuawa, kwa uvumi kwamba alimpa mtoto wa jirani chakula cha uchawi.

Basi mtoto akileta habari ya namna hii nyumbani, tumuulize maswali matatu: Nani alisema? Aliona kwa macho yake? Wenyewe wanaosemwa wanajibu nini? Na mgeni wa dini nyingine akifika kwetu, tumuulize mapema anachokula. Akikataa chungu chetu, hatutukani. Tumpe ndizi au chungwa, tuketi naye, tuzungumze.