Kabla ya Ziwa, Kuna Ndoo

Mkoani Mara, habari ya mtu kufa maji huja na mtumbwi. Julai 30, 2023 ilikuwa mitumbwi iliyobeba waumini huko Mchigondo, wilayani Bunda. Kabla ya hapo, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, mkoani Mwanza, wakafa watu 228. Misiba hiyo hutangazwa redioni, viongozi hufika, wazamiaji hutafuta miili kwa siku kadhaa. Mtoto wa miaka miwili aliyefia kwenye diaba la kufulia nyuma ya nyumba hatangazwi popote. Anazikwa, majirani wanasema siku yake ilikuwa imefika, na diaba linarudi palepale lilipokuwa.

Namzungumzia mtoto huyo, aliyeanza kutembea na bado hajafika umri wa shule. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka mitano. Kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kanda zote. Na wadogo hawa, tofauti na mvuvi, hawaendi mbali kukutana na maji. Yanawakuta nyumbani.

Tuanze na mwili wake. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana kichwa kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili na miguu. Akiinama kwenye ndoo kuokota kikombe, uzito wote unakwenda mbele, anatumbukia kichwa kwanza. Mikono yake haina nguvu ya kumsukuma arudi nyuma, na ndoo yenye maji haipinduki kirahisi ikamwaga kilichomo. Maji ya kina cha sentimita chache, yanayofunika pua na mdomo tu, yanatosha. Hapigi kelele, kwa sababu mwenye maji kinywani hana pumzi ya kupigia kelele. Anapoteza fahamu ndani ya dakika chache, na ubongo uliokosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kudhurika kwa namna isiyorekebishika. Muda huo ndio mama anaoutumia kugeuza ugali na kuupakua, au kwenda dukani na kurudi.

Ndiyo maana sauti si kinga. Wazazi wengi hunieleza kuwa walikuwa karibu, wangemsikia. Kwenye maji, ukimya wa ghafla wa mtoto ndio unaopaswa kukuinua kitini.

Sasa angalia maji yenyewe yalivyokaa katika wilaya zetu. Musoma mjini, ziwa limezunguka mji pande tatu, na mitaa ya Mwigobero na Makoko inaishi ufukweni hasa. Maji ya Ziwa Victoria yalipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, nyumba zilizokuwa mbali na ukingo zilijikuta jirani nao. Bunda, kule Kibara na Guta, mama anaanika dagaa mwaloni huku mtoto akicheza hatua chache kutoka mitumbwi ilipofungwa. Butiama iko mbali kidogo na ziwa, kwa hiyo watu hujiona salama. Lakini huko kuna malambo ya kunyweshea ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali yanayojaa wakati wa masika, na katika maeneo ya dhahabu kama Buhemba kuna mashimo yaliyoachwa na mabwawa ya kuoshea mchanga. Shimo la matofali ni hatari kuliko linavyoonekana. Kingo zake ni za udongo utelezi, na maji yake ni ya tope, hivyo anayetafuta haoni kitu hata mtoto akiwa hatua mbili mbele yake.

Hata maji ya bomba yamekuja na sura yake. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama unavuta maji kutoka ziwani hadi vijiji vya bara, na hilo ni jema kubwa, kwani mama asiyekwenda ziwani hampeleki mtoto ziwani. Lakini kila maji yanapotoka kwa zamu, kila familia inajaza ndoo, madumu, mapipa na diaba, na hatari inahamia uani. Sisemi turudi kisimani. Nasema kila chombo kinachohifadhi maji kiwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukitoa, na cha kufulia kimwagwe na kufudikizwa nguo zikishaanikwa, si jioni. Pipa lifunikwe kwa ubao wenye jiwe zito juu yake. Karo la maji machafu na shimo la choo linalochimbwa visiachwe wazi hata usiku mmoja.

Vifuniko, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mtu, na hapa ndipo nataka tuseme ukweli bila kumlaumu mama. Asubuhi katika vijiji vyetu ndiyo saa ya kila kitu. Mama yuko shambani au mwaloni, baba yuko kazini au amelala baada ya kuvua usiku, wakubwa wako shuleni. Mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba, au na bibi asiyeweza kukimbia. Dada wa miaka saba anaweza kumbeba mdogo wake na kumlisha uji. Kumlinda na maji hawezi, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto anayetaka kucheza, na akimwona mdogo wake ndani ya maji atamfuata humo humo. Huko si kumtunza mtoto. Ni kuwaweka wawili kwenye hatari moja.

Nchi iliyotufundisha zaidi katika hili ni Bangladesh, yenye mabwawa karibu kila uani. Huko vijiji vilianzisha vituo vidogo, nyumbani kwa mama mmoja aliyepewa mafunzo, vinavyopokea watoto wa mwaka mmoja hadi mitano kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Saa hizo zilichaguliwa kwa makusudi, kwani ndizo mama alizo na kazi nyingi na ndizo watoto wengi hufa. Vifo vya maji miongoni mwa waliohudhuria vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna mashine hapo, wala dawa. Kuna mlango unaofungwa na mtu mzima ambaye kazi yake asubuhi hiyo ni moja tu.

Sisi hatuanzii sifuri. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na vituo vya kulelea watoto mchana ni sehemu ya mpango huo. Kwa kawaida tunavizungumzia kama mahali pa kujifunza kusoma na kuimba. Ningependa halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zivihesabu pia kama kinga ya kifo, na zianze na vijiji vya mwaloni na vya machimbo. Mwenyekiti wa kijiji hahitaji kungoja bajeti ili akina mama watano wa mwaloni wapangiane zamu, wanne wakianika dagaa na mmoja akikaa na watoto wote, bila simu wala kazi nyingine mkononi.

Nyumbani, jenga uzio. Maboma mengi ya Mara yana zizi la ndama, limefungwa vizuri kwa miiba au minyaa ili ndama wasipotee. Mtoto hana hata hilo. Uzio wa urefu wa mita moja kuzunguka sehemu ya kuchezea, wenye mlango unaojifunga, unaweza kujengwa kwa siku moja.

Kuhusu kuogelea, mafunzo ni muhimu kuanzia miaka sita hivi, na shule zilizo kando ya ziwa zingeyafanya. Kwa mtoto wa miaka mitatu usiyategemee. Anaweza kujifunza kupiga miguu kwenye maji tulivu akiwa na baba yake, kisha akasahau yote anapotumbukia ghafla.

Ikitokea mtu anazama, aliye ufukweni asiingie kama hajui kuogelea. Amrushie dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko na kamba, linaelea na kubeba mtu. Aombe msaada kwa kelele, na mtu apige namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtoto akitolewa, msimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Desturi hiyo inapoteza dakika za thamani, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Anachokosa ni hewa, mpeni hewa. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, mpulizie pumzi tano taratibu, kila moja hadi uone kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike pua na mdomo wake pamoja. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu hadi kiingie theluthi moja ya unene wake, mara 30 kwa haraka, kisha pumzi mbili, tena 30, tena mbili, bila kuacha hadi apumue au mhudumu afike. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe kinywa, endelea.

Na akiamka, akalia, akaomba hata uji, bado apelekwe zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, na mhudumu atahitaji kumwangalia kwa muda kabla hajamruhusu arudi nyumbani.