Mbwa Bustanini na Haki ya Jirani

Kiangazi hapa Uingereza hujaza bustani watoto wetu na mbwa wa majirani. Wengi huwafunga mbwa wao kamba. Wachache huwaacha huru, wakawarukia na kuwalamba watoto, na kinyesi hukiacha majanini. Kwetu wafuasi wa Imamu Shafii, nguo iliyopata mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa maji ya udongo.

Hata hivyo mnyama hana kosa. Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mkosaji ni mwenyewe. Sheria ya mwaka 2014 yaipa halmashauri uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe kamba na kinyesi kizolewe. Mkaidi, mahakamani, aweza kutozwa hadi pauni 1,000. Basi, ndugu wasomaji, tuanze kwa kauli njema. Ikishindikana, tuiandikie halmashauri.